Nyumba ya Kwanza ya Fundi Modeli

Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, ukoo wake ulikuwa upi: hayo muulize mtu mwingine. Mimi nilifanya kazi naye miaka kumi na minne chini ya paa moja la bati, na nyumba zetu kwenye kambi ya wafanyakazi zilitazamana, lakini sikumsikia hata siku moja akitaja jina la kijiji chake. Alisema tu "kule". "Kule mvua inaanzaka mbele ya hapa." "Kule samaki banakula na mifupa." Akisema hivyo alinyoosha kidevu kuelekea kaskazini, juu ya mabomba ya moshi ya kiwanda, nasi tuliokuwa karibu tuligeuka kutazama. Tuliona moshi.

Tulimwita Fundi Modeli kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake, na kazi hiyo lazima niieleze kwanza, la sivyo huyu mtu hutamwelewa. Ilikuwa miaka ya Zaire, miaka ya kuitana sitwayen, yaani mwananchi, kazini na kuvaa abakosi, koti lile la kitaifa, bila tai. Kampuni ya migodi ya serikali ilikuwa na karakana kubwa hapo Likasi, na ndani ya karakana palikuwa na fonderi, mahali pa kuyeyusha metali na kuimimina. Kipande cha mashine kikivunjika, tulikitengeneza wenyewe. Kwanza Fundi alikichonga kwa mbao, sawasawa kama kitakavyokuwa: hiyo ndiyo modeli. Kisha mimi niliizika modeli ile katika mchanga mweusi, nikaushindilia, nikaitoa polepole, na katika nafasi iliyobaki tukamimina chuma cha moto. Yeye alikuwa mtu wa mbao, mimi mtu wa mchanga. Kipande kikitoka na kasoro, yeye alisema kosa ni la mchanga, mimi nilisema kosa ni la mbao, na mkubwa wa kazi alitufokea wote wawili kwa Kifaransa.

Alikuwa mtu mfupi, mikono mirefu. Alichomeka penseli mbili, moja kila sikio: ya kushoto ya kuchora, ya kulia ya kuhesabu, na ole wako uazime ya kulia. Alinusa kila ubao kabla ya kuukata. Ukitukana karibu na meza yake alikutazama kwa huzuni, akasema, "Mbao iko na masikio, mudogo wangu," na kweli ulijisikia umeitukana mbao. Kazini hakuchelewa hata mara moja. Kanisani hakuwahi kufika kabla ya mahubiri. Vidole vyake viliweza kusikia nundu ndogo kuliko chembe ya chumvi, lakini viti vya nyumbani kwake vyote vilicheza, na mgeni aliyekaa vibaya aliokotwa sakafuni.

Alikuwa na neno lake moja ambalo sisi sote tulilichukua. Watu wakibishana juu ya habari ya redio, au ndoa ya fulani, au mkubwa mpya aliyeletwa, wakamgeukia na kumwuliza yeye anaonaje, alijibu, "Bado haiyapoa." Maana yake, usishike chuma ambacho hakijapoa, wala usikipime. Miaka ile neno kama hilo lilikuwa na faida kubwa. Hakuna aliyeweza kumshtaki mtu aliyesema kwamba kitu bado hakijapoa.

Sasa, rula yake. Chuma kikipoa hunywea. Ukimimina kipande cha mita moja, kikipoa hukipati mita moja, kinapungua upana wa kidole. Kwa hiyo mafundi wa modeli wana rula yao, ndefu kuliko rula za watu, iliyoandikwa namba zilezile lakini kila sentimita imeongezwa kidogo, ili modeli iwe kubwa na kipande kikinywea kiwe sawa. Fundi alikuwa na rula kama hiyo katika mfuko wa paja, miaka yote, hata siku ya Jumapili. Nadhani hakuwa na nyingine. Nadhani alisahau kwamba kuna nyingine.

Nina hamu naye. Nimeshazeeka, watu niliofanya nao kazi wengi wamekwenda, na simkumbuki yeyote kati yao kwa uchungu kama huu. Labda ni kwa sababu ya yale niliyomtendea, ambayo nitayasema.

Jumamosi moja alikuja fonderi padri mzungu mwenye ndevu nyekundu, aliyefundisha historia katika koleji ya pale mjini. Alifungua leso, ndani mna askari mdogo wa risasi, ile metali laini ya mabomba ya zamani ambayo kazini tuliiita plomb, urefu wa kidole kidogo, amevaa kofia ya chuma na kushika mkuki. Alitaka tummiminie wengine kama yule. Alikuwa na mchezo wa vita, alisema. Meza kubwa, kitambaa cha kijani juu yake kuwa majani, jeshi hili upande huu, jeshi lile upande ule, na kila mtu anasogeza askari wake kwa kupima na rula, kisha anatupa dadu kujua nani amekufa. Vita vya Ulaya ya zamani sana, vya mikuki na mishale. Sheria zake zilikuwa zimepigwa taipu, kurasa nyingi.

Mkubwa wa kazi alituruhusu kutumia mabaki ya risasi, akidhani ni vitu vya kanisa. Nilimimina mashujaa wale kwa mikono yangu. Na siku tulipowapeleka, padri alitukaribisha tucheze, mimi na Fundi. Tukarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena, kila mara baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara na kufyeka majani. Tulifika na vumbi miguuni, tukanawa kwenye pipa la koleji, tukaenda vitani. Siwezi kueleza raha yake. Wiki nzima mimi ni mtu wa kuamriwa. Jumamosi alasiri ninaamuru farasi ishirini.

Siku moja alikuja pale mtu wa usalama, amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Alizunguka meza mara mbili, mikono nyuma, akauliza, "Hawa askari ni wa nani?"

Padri aligeuka rangi. Fundi alivua kofia, akasema, "Ba zamani, sitwayen. Bote balishakufa."

Yule bwana aliwaza jambo hilo kwa muda, akaona halina ubaya, akaenda zake.

Vita vilihitaji mji wa kupigania. Padri alitoa picha iliyokatwa kwenye kalenda: nyumba ya zamani ya kwao, nguzo nyeusi za mbao zimesimama na kulala na kupishana, katikati ya nguzo ukuta wa rangi ya maziwa, ghorofa ya juu imetokeza mbele kuliko ya chini. Alimwuliza Fundi kama angeweza kuijenga, ndogo, ya kuwafaa askari wetu. Fundi aliitazama picha muda mrefu.

"Mompe," akasema, kama tulivyowaita mapadri, "huu ukuta ni kintu gani?"

"Miti na udongo. Fito, halafu udongo na majani makavu."

"Poto-poto?"

"Ndiyo. Poto-poto."

"Babu zenu balikaa mu nyumba ya poto-poto?"

"Wote," akasema padri. "Miaka mia nyingi."

Fundi alicheka hadi akaketi sakafuni, anajifuta machozi kwa kofia, na padri naye akacheka. Kisha Fundi akanyamaza, akaitazama tena ile picha, akaiweka katika mfuko wa paja pamoja na rula. Jumatatu mchana, wakati wa kula, nilimkuta ameacha bukari yake, ugali wa kwetu, inapoa, anachagua vipande vya mti wa mulombwa kwenye sanduku la mabaki.

Sasa lazima nimlete mke wake. Sisi tulimwita Mama Fundi, na yeye Fundi alimwita Mama tu. Mwanamke mrefu, sauti ya upole, maneno si ya upole. Alijua jambo moja ambalo wanawake wote wa kambi walilijua: nyumba tuliyokaa haikuwa yetu. Siku mume anapopata pensheni, funguo zinarudi, na wewe na masufuria yako mnatafuta pa kwenda. Fundi alibakiza miaka minne. Mama Fundi alikuwa ameomba kiwanja kwa mkubwa wa mtaa, akapewa, pembeni ya mji upande wa barabara ya Buluo. Alichimba kichuguu mwenyewe, akakanyaga udongo mwenyewe, akafyatua matofali mabichi na kuyapanga chini ya nyasi kavu. Alichotaka kwa mume wake ni msingi. Mtu anayepima upana wa unywele, akamchimbie msingi wa vyumba viwili.

Fundi hakwenda hata kukiona kiwanja.

"Bado haiyapoa, Mama," alisema.

"Hii si chuma," akasema Mama Fundi. "Ni nyumba. Weye unayenga nyumba ya batu ya plomb, na shiye tutalala wapi?"

Nilikuwepo, nimeketi kwenye kimoja cha viti vile vibaya, nimeshika meza nisianguke. Fundi alitazama chini kama mwanafunzi. Baada ya siku ile aliacha kuileta ile nyumba ndogo nyumbani. Aliificha chini ya meza yake kazini, akamwambia Mama amekwisha kuiacha. Yeye aliyechukia waongo kuliko wezi.

Alitumia miaka miwili. Nguzo zote alizifunga kwa kutoboa na kuchomeka, kama nyumba ya kweli, wakati padri alimwambia gundi inatosha. Kuta alizifanya ziiname kidogo, chini kupana na juu kwembamba, bila kujua, kwa sababu mkono wake ulizoea: modeli isiyoinama haitoki mchangani. Padri aliposhika nyumba ile alistaajabu, akasema ndivyo hasa zilivyo, zimechoka, zimeegemea, umewezaje? Fundi hakujua amefanya nini. Mimi nilijua, nikacheka peke yangu.

Udongo ulikuwa wa kichuguu, aliouchekecha kwa soksi ya mkewe. Ulipokauka ulipasuka. Padri alifurahia nyufa, akasema ziachwe, nyumba ionekane ya zamani. Fundi aliona aibu kama vile amekutwa uchi. Alizitengeneza mara tatu. Kisha ikaja rangi. Fonderi ilikuwa na makopo matatu tu ya kupaka modeli, na kila rangi ina kazi: nyekundu ni pale patakapobaki kama palivyotoka, manjano ni pale patakapokwanguliwa na mashine, nyeusi ni pale patakapokuwa tundu. Fundi alipaka nguzo nyeusi, kuta manjano, milango nyekundu. Akaisogeza mbele yangu nitoe maoni.

"Mukubwa," nikasema, "ukinipa hii nimimine, nguzo zote zitatoka matundu, na kuta zitapelekwa kwa mashine."

Akaitazama. Sijawahi kumwona mtu akishtuka hivyo. Alikuwa ameisoma nyumba yake kama mtu wa fonderi bila kujua, na alipoiona hivyo ilimchukiza. Alikwangua manjano yote kwa kipande cha chupa. Alitafuta chokaa nyeupe, akaichanganya na maji ya mchele na tone la ile manjano, akajaribu juu ya kibao, akakausha juani, akajaribu tena, mpaka akapata rangi ya ukuta uliopakwa na mikono ya mtu. Ndivyo alivyosema: ya mikono ya mtu.

Juu ya uchafu alibishana na padri mwezi mzima. Padri alitaka matope chini ya kuta, ukungu, madoa, kwa sababu nyumba ya miaka mia tatu haiwezi kuwa safi.

"Mama wa hii nyumba anafagiaka," akasema Fundi.

"Mama yupi? Hamna mtu ndani."

"Iko."

Alikubali moshi tu. Nilimletea masizi ya sufuria ya kwetu, akayapaka kwa ncha ya kidole juu ya dirisha la nyuma, kwa sababu moshi maana yake wanapika. Upande wa nyuma aliweka pia mlango mdogo, mfupi, wa kuinama, ambao haukuwa kwenye kalenda. Padri aliuliza ni wa nini. Fundi alisema ni wa mwenye nyumba, wa kutokea alfajiri bila kuamsha watoto.

Nyumba ilipowekwa mezani mwishowe, vita vyenyewe vilibadilika. Fundi hakukubali ichomwe. Sheria za padri zilisema nyumba ya mbao ikipigwa mshale wa moto na dadu ikatoka sita, imeungua. Fundi alipanga jeshi lake lote kuizunguka, hakushambulia mtu, akakaa hapo alasiri nzima akingoja. Siku moja mfalme wa padri alisimama mbali na mlango, na Fundi akasema wapiga mishale wake wanamfikia. Mshale unakwenda sentimita arobaini. Alitoa rula, akapima: arobaini kamili, ncha imegusa mguu wa mfalme. Padri alichukua rula ya shule: mshale haufiki, umebaki upana wa ukucha. Walipima tena, kila mtu na rula yake, kila mtu akaona ukweli wake. Nikawaeleza. Padri alikaa kitini akahesabu Jumamosi zote ambazo majeshi ya Fundi yalitembea mbali kuliko majeshi ya watu, akasema, "Fundi, umenipiga mwaka mzima kwa rula!" Fundi aliomba msamaha kwa kila vita, kimoja kimoja, na kwa uzito mkubwa.

Nimezunguka vya kutosha. Niseme sasa la kwangu.

Mwezi wa tisa mmoja, joto limepanda na mawingu yanaanza kukusanyika, Mama Fundi alinisimamisha njiani.

"Shemeki," akasema, "mukubwa wa mtaa alikuya. Anasema kiwanja chenye hakina musingi, mvua ya kwanza ikinyesha atapatia muntu mwengine. Minye nikisema, ule hanisikie. Weye anakusikia. Umuambie. Akuye siku mbili tu, achimbe, bote baone. Utamuambia?"

"Nitamwambia, Mama. Leo leo."

Nilikwenda moja kwa moja. Nilimkuta ameketi chini ya dirisha la karakana, nyumba aliyoirudisha kazini iko mbele yake, anapaka vifuniko vipya vya madirisha. Aliniona, akatabasamu, akanipa brashi ya pili, kama vile alikuwa ameiweka tayari kwa ajili yangu. Nikaketi. Vifuniko vilikuwa vidogo kama punje za mahindi. Tulipaka kimoja yeye, kimoja mimi. Mwanga ulikuwa mzuri, mashine zimezimwa, na hatukuzungumza.

Nisijidanganye: sikusahau. Maneno ya Mama Fundi yalikuwa mdomoni muda wote. Lakini nilijua nikiyasema, na akiyasikia, atachukua jembe, na msingi utazaa kuta, na kuta zitazaa paa, na Jumamosi zetu zitakwisha. Nilizipenda Jumamosi zile kuliko nilivyompenda yule mama. Nikamaliza kifuniko changu, nikampa brashi yake, nikaenda nyumbani.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku nne baadaye. Kiwanja kilipewa mtu mwingine. Yale matofali mabichi hakuna aliyekwenda kuyafunika. Upepo ulibeba nyasi, na yakarudi kuwa udongo.

Mama Fundi alikuja kwangu, miguu imejaa matope hadi magotini.

"Ulimuambia?"

"Nilimwambia, Mama."

Alinitazama, akatikisa kichwa polepole. "Basi ni yeye," akasema.

Tangu siku ile hakumsema tena mume wake juu ya nyumba. Alimpikia, alimfulia, alimjibu akiulizwa. Fundi alidhani amani imekuja. Alinieleza kwa furaha, maskini, kwamba Mama sasa ameelewa.

"Ameelewa nini?" nikamwuliza.

Alikuwa anasugua ubao kwa msasa, akaacha. "Kama nikiyenga hapa, mudogo, kule njo kumekwisha. Pensheni ikitoka shiye tutarudia kule. Mama iko na nguvu, minye iko na mikono. Nitamuyengea kule, ya poto-poto, sawa ya mama wangu. Juu ya nini niyenge mara mbili?"

Ndipo nilipoelewa ule mlango mfupi wa nyuma ulikuwa wa nani. Nilitaka kumwambia yote wakati ule. Kengele ya kazi ikalia, nami nikaifurahia kengele.

Padri aliitwa kwao kabla ya mwaka kwisha. Aliomba aichukue ile nyumba, na Fundi akaitengenezea sanduku, akaizungushia pamba na maranda ya mbao, akapigilia misumari kwa upole kama anayefunika mtoto. Barua ilifika baada ya miezi. Padri aliandika kwamba nyumba imefika salama, rafiki zake wanaishangaa, ila kuna kitu hawakielewi: wakiipanga pamoja na nyumba zao nyingine, hiyo ya Likasi inazizidi zote kidogo. Nilimsomea Fundi. Aligusa mfuko wa paja, akacheka kidogo.

"Bangoje," akasema. "Itanywea."

Alipata pensheni. Kurudi kule hakukuwezekana. Treni ilikuwa shida, ndugu wengi walioandikiwa hawakujibu, na mmoja aliyejibu alisema wa zamani wote wamekufa na mahali penyewe pameota msitu. Walipanga chumba kimoja katika ua wa watu. Mama Fundi aliugua kifua. Nilikwenda kumwona mara moja, nikasimama mlangoni na sukari mkononi, na yeye akanishukuru, akamwambia mumewe anipe kiti. Aliniita mtu mwema. Sikurudi tena hadi siku ya maziko, na siku ya maziko nilikaa nyuma.

Kisha nikamkwepa Fundi. Miaka mitatu nilipita njia nyingine. Watu waliniletea habari zake: amenunua kiwanja kutoka kwa mjane mmoja, barabara ileile ya Buluo; anachoma matofali; anajenga peke yake, mzee mzima, hataki msaada; amepaua. Kila habari ilinichoma. Jumapili moja nilichukua baiskeli kabla sijapata muda wa kujishauri.

Nilimkuta ameketi nje, kichwa cheupe, anamenya maharagwe. Alinyanyuka kwa taabu, akanishika mikono yote miwili, akaitikisa sana. Tukaingia ndani pamoja, yeye akiwa ameshika mkono wangu. Vyumba viwili. Sakafu imesawazishwa hadi inang'aa. Madirisha mawili, moja mashariki. Nilikaa kwenye kiti, na kiti hakikucheza. Aliniletea maji na karanga, akaingiza na maharagwe yake, akaendelea kumenya. Tulizungumza juu ya fonderi, nani yuko wapi, nani amekufa. Alinionyesha mahali pa jiko, palipojengwa juu kidogo kuliko kawaida. Mama alikuwa mrefu, alisema, alichoka mgongo kwa kuinama.

Hapo sikuweza tena.

"Mukubwa," nikasema, "siku ile kabla ya mvua, Mama alinituma kwako. Juu ya kiwanja. Alisema nikuambie uchimbe msingi, la sivyo kingechukuliwa. Nilikuja. Tulipaka madirisha. Sikukuambia. Na yeye nilimwambia kwamba nilikuambia."

Aliendelea kumenya. Maganda mawili, matatu. Kisha mikono ikasimama.

"Hivi, Mama alikufa akiwaza minye nilikataa?"

"Ndiyo, mukubwa."

"Alikuwa ananitazamaka," akasema. "Mu ile chumba ya kupanga. Alikuwa ananitazama, na minye nilikuwa nauliza, Mama, kuko nini? Anasema, hakuna kintu."

Nilipiga magoti. Sikujua nifanye nini kingine. Alitazama jiko lile la juu.

"Toka inje," akasema.

Nilinyanyuka, nikachukua kofia, nikatoka. Nyuma yangu alifunga mlango, nikasikia komeo likiingia. Nilishika baiskeli. Nilikuwa nimestahili, wala sikulalamika. Nililia tu, mtu mzima, barabarani, watu wakipita kutoka kanisani.

"Mudogo," sauti yake ikatoka ndani. "Kwa batu, banapigaka odi."

Nikaiachia baiskeli ikaanguka. Nikasimama mbele ya mlango.

"Odi," nikasema.

Mlango haukufunguliwa.

"Odi, mukubwa."

Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha hatua zake, nzito, zikivuka chumba. Komeo likatoka. Alisimama hapo, uso umelowa wote, amejaribu kuufuta na haukufutika.

"Karibu mu nyumba ya Mama," akasema, akasogea pembeni ili nipite.